Kutembea baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Dada, umeuliza kama aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hukaa kitandani miezi. Hapana, hakai. Anatembezwa wodini siku hiyohiyo au kesho yake, damu isije ikaganda miguuni. Mama yangu mdogo wa Kimara, kabla ya upasuaji huo, alikuwa akipanda daraja la kituo cha mabasi ya Mwendokasi anasimama mara tatu, kashikilia chuma. Baada ya upasuaji, mwaka haujaisha akawa anapanda moja kwa moja, mkoba begani! Kila kilo inayotoka inalipunguzia goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Ila gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa gotini, ikishalika hairudi. Goti lake la kushoto bado linamsumbua akishuka. Na vidonge vya vitamini aliyefanyiwa upasuaji asiache, vitamini B12 ikipungua miguu inakufa ganzi.