Mwanza hadi Bukoba: nani mwongo, tiketi au mjukuu?

SWALI: Babu, shikamoo. Nakwenda harusini Bukoba. Tiketi ya ndege inasema dakika 45, mjukuu kapiga hesabu kwenye simu akapata 21. Nani mwongo? – Mama wa Nyakato, Mwanza

JIBU: Marahaba mama. Hakuna mwongo hapo. Mjukuu kapima mstari ulionyooka juu ya Ziwa Victoria, kama kilomita 175, akagawa kwa mwendo wa ndege ya mapanga, karibu kilomita 500 kwa saa. Hesabu yake ni safi. Ila ndege si jiwe la manati! Hutambaa kwanza hadi mwanzo wa njia ya kurukia, hupanda taratibu, na kabla haijakolea mwendo rubani keshaanza kushuka. Safari fupi karibu yote ni kupanda na kushuka. Na saa ya tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama tena, si inapoacha ardhi.

Mwenyewe mara ya kwanza nilifungua karanga, sikuzimaliza.

Kwa barabara ni kuzunguka ziwa kupitia Geita na Biharamulo, kama kilomita 400. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limeondoa foleni ya kivuko, lakini basi bado litakula siku yako.

Kaa dirishani. Uwanja wa Bukoba uko ukingoni mwa ziwa, utadhani mnatua majini. Ukirudi, senene wafunge vizuri.