Maswali yenu kuhusu riwaya za mapanga, mapenzi na hela za wakwe

Tangu nigusie zile riwaya za Waingereza za kuanzia miaka ya 1880 hadi kabla ya Vita ya Kwanza, maswali yamemiminika. Nachukua machache, mengine msubiri.

Dada mambo, tamthilia za Kituruki nimezimaliza zote. Nataka kitabu cha zamani chenye mapenzi na mapanga ila kisiwe kirefu. Nianze na kipi?

Anza na The Prisoner of Zenda ya Anthony Hope, ya 1894, wikiendi moja umekimaliza. Hope alikuwa wakili London, wazo lilimjia anarudi kwa miguu kutoka mahakamani mwishoni mwa 1893, ndani ya mwezi mmoja rasimu ikawa tayari, na ukisoma unaona kabisa huyu mtu alikuwa na haraka zake, hakuna cha kuelezewa mawingu kurasa tatu. Kijana wa Kiingereza mwenye hela na asiye na kazi yoyote, Rudolf Rassendyll, anaenda kushangaa sherehe ya kutawazwa mfalme wa Ruritania (nchi ya kubuni, usiitafute kwenye ramani), kumbe yeye na mfalme wamefanana kama mapacha, sababu kuna skandali moja ya mke wa babu yake wa zamani huko na mtoto wa mfalme wa Ruritania, 1733, nywele nyekundu na pua ndefu vikabaki kwenye ukoo. Usiku wa kuamkia sherehe mfalme anawekewa dawa kwenye mvinyo, asubuhi haamki, basi anavalishwa Rassendyll na kutawazwa yeye. Halafu mfalme mwenyewe anatekwa.

Ninachokipenda mimi ni mpango wa Michael, yule ndugu wa mfalme. Chumba alichofungiwa mfalme kina dirisha, na hapo dirishani wameunganisha bomba kubwa la udongo linaloshuka mpaka kwenye maji yanayozunguka ngome. Wakivamiwa tu, wanamuua, wanamfunga kitu kizito, wanamtelezesha kwenye bomba, wavamizi wanafika hakuna maiti wala ushahidi. Hiyo akili ya wakili hiyo.

Nimekisoma Zenda na nimelia kwa hasira!! Flavia, mchumba wa mfalme, anampenda Rudolf, Rudolf anampenda, kwa nini asiondoke naye?

Pole mdogo wangu (na ambao hamjasoma rukeni hapa). Flavia mwenyewe anamwambia kabisa kwamba kama mapenzi ndiyo yangekuwa kila kitu angemfuata hata akiwa amevaa matambara. Ila fikiria angeondoka naye ingekuwaje. Michael ni mbaya kwa sababu anataka kiti na mchumba visivyo vyake, sasa Rudolf naye akibeba mchumba wa mfalme aliyetoka kumwokoa, tofauti yao iko wapi? Kitabu kizima kimening'inia kwenye swali la kama huyu mtu atarudisha alichoazimwa. Ndio maana inauma, na ndio maana watu walikipenda. Muendelezo upo, Rupert of Hentzau, 1898, ila kama umelia kwenye hiki, huo andaa leso mbili.

Mbona vilivyotangulia ni virefu hivyo? Nimeshika kimoja cha 1870 na kitu, juzuu tatu, nusu yake watu wanakunywa chai tu.

Laumu maktaba. Wakati huo riwaya mpya ilitoka kwa juzuu tatu na bei yake ilikuwa shilingi 31 na nusu, hela ambayo kibarua wa shambani hakuipata hata kwa wiki mbili. Kwa hiyo watu hawakununua, waliazima, na bosi wa uazimaji alikuwa Mudie wa London, unalipa shilingi 21 kwa mwaka unachukua juzuu moja moja. Sasa piga hesabu, kitabu kimoja kikiwa vipande vitatu kinazungushwa kwa wasomaji watatu kwa mpigo, na mchapishaji ana uhakika wa kuuza mzigo kwa Mudie kabla hata mtu hajasoma, mwandishi naye anajaza chai na matembezi ya bustanini mpaka juzuu ya tatu ijae. Na Mudie akisema kitabu chako hakifai mabinti wa watu, umekwisha. George Moore alipigwa chini hivyo, na 1885 akatoa kijitabu cha kumchana waziwazi.

Kilichoua mfumo ni hela hizohizo. Nakala za bei rahisi zilianza kutoka mapema mno, maktaba zinabaki na marundo ya juzuu ambazo hakuna anayezitaka, mwaka 1894 Mudie na mwenzake wa uazimaji, W.H. Smith, wakatangaza hawatalipa zaidi ya shilingi 4 kwa juzuu. Basi, ikaisha. Mwaka huo riwaya za juzuu tatu zilikuwa 184, mwaka 1897 zilitoka 4. Zenda ilitoka mwaka uleule wa tangazo, juzuu moja, shilingi 3 na nusu, mtu ananunua mwenyewe anasoma kwenye treni. Ile kasi niliyoisifia imetoka hapo kwa sehemu kubwa, mwandishi alikuwa hana tena pa kujaza chai.

Kwenye riwaya za watu wa hali ya juu kila mtu anahesabu hela za msichana. Walikuwa wanaoa au wananunua?

Wote wawili walikuwa wanauza kitu. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya bei chee kutoka Marekani iliangusha bei Uingereza, kodi za mashamba zikashuka, na malodi walikuwa wanaishi kwa kodi za mashamba. Majumba yanavuja. Huku New York kuna matajiri wa reli wenye kila kitu isipokuwa cheo. Unaona inakoenda? Hela ya Marekani ikaja kuziba mapaa ambayo ngano ya Marekani iliyatoboa.

Kisa cha kweli kinazishinda riwaya. Consuelo Vanderbilt, miaka 18, alikuwa anampenda mwanaume mwingine, mama yake akamfungia ndani, akamwambia moyo wangu mbovu utaniua, mpaka mtoto akakubali. Novemba 1895 akaolewa na Duke wa Marlborough, na duke akapata hisa za reli za dola milioni 2.5. Walitengana 1906, wakaachana 1921, na 1926 ndoa ikabatilishwa, mama mtu akakiri mwenyewe kwamba alimlazimisha binti.

Ukitaka upande wa yule ambaye hakununuliwa, soma The House of Mirth ya Edith Wharton, 1905, ni ya New York. Lily Bart ana miaka 29, mzuri, hana kitu, anapoteza hela kwenye karata na watu waliomzidi mfuko. Shangazi yake anamwachia dola 10,000 na deni lake kwa mume wa rafiki yake ni 9,000. Zile hesabu anazopiga usiku ule akiwa peke yake na hundi mezani, mimi zilininyima usingizi kuliko upanga wowote.

Ni kweli masupahiro wametokea huko?

Wale wa sura mbili, naona ndiyo. The Scarlet Pimpernel ya Baroness Orczy, mzaliwa wa Hungaria, ilianza kama mchezo wa jukwaani 1903, kitabu kikatoka 1905. Tajiri anajifanya bwege anayewaza nguo tu, kumbe ndiye anayewatoa watu kwenye gilotini (mashine ya kukatia vichwa) Ufaransa, na mkewe hajui. Zorro, naye wa sura mbili na barakoa, kaja 1919, mengine malizia mwenyewe.

Babu yangu anaisifu Mashimo ya Mfalme Sulemani, mimi nasikia mwandishi mbaguzi. Nisome?

Soma, ila macho wazi. H. Rider Haggard aliiandika 1885 (kwa Kiingereza King Solomon's Mines) baada ya kubishana na kaka yake kwamba anaweza kuizidi Treasure Island, riwaya ya maharamia, na tafsiri ya Kiswahili ya 1929 ndiyo wazee wetu wengi wameikuta shuleni, kwa hiyo babu ana haki yake. Msimuliaji ni mchekeshaji, ile sehemu wamefungiwa pangoni na almasi zisizonyweka wala kulika ni tamu hatari. Sasa mtazame Foulata, dada wa Kiafrika anayempenda mmoja wa wazungu. Anauawa, na kabla ya kukata roho anatamkishwa kwamba ni heri afe, jua haliwezi kuoana na giza. Halafu msimuliaji anasema bora ilivyokuwa, ingeleta matatizo. Mwandishi ameona harusi inanukia akamtoa bibi harusi roho. Muendelezo wake wa 1887, Allan Quatermain, unaanzia Lamu na kupandisha Mto Tana, watu wa Pwani mtaona vituko.

Kuna za kikubwa? Usitaje jina langu tafadhali.

Sitaji 😄. Three Weeks ya Elinor Glyn, 1907: kijana wa Kiingereza, malkia asiyetaja nchi yake, Uswisi, ngozi ya chui milia, wiki tatu. Leo utaona maua mengi kuliko mambo. Ila 1915 Glyn alishtaki kampuni ya filamu kwa kuiga kisa chake, na jaji akamnyima ulinzi kwa kuwa kitabu chenyewe hakina maadili. Akatoka mikono mitupu.

Huku kwetu hakuna kisa cha namna hiyo?

Kipo, na si riwaya. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, akampenda jirani, mfanyabiashara wa Kijerumani, akapata mimba, 1866 akatoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza mpaka Aden, wakaoana huko 1867 wakahamia Hamburg. Mume akafa 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto wadogo watatu ugenini, na kumbukumbu zake akazitoa Berlin 1886, mwaka mmoja tu baada ya Mashimo.

Navipata wapi bila kulipa?

Tovuti ya Project Gutenberg, karibu vyote nilivyotaja kwa Kiingereza vipo, unashusha kwenye simu. Wavivu wa macho, LibriVox wanavisoma kwa sauti, ila wasomaji ni wa kujitolea, sikiliza dakika mbili kwanza kabla hujamaliza bando.