Kurasa mbili za duka moja

Dada yangu, umeuliza ufanyeje na kurasa mbili za Facebook za duka lako la leso hapo Mtaa wa Biashara: moja uliifungua wewe, nyingine mpwa wako, na wateja wanakuandikia huku na kule. Kuziunganisha kunawezekana, ila usiharakishe.

Wafuasi wa kurasa zote mbili hujumlishwa. Lakini posti, picha na maoni ya wateja kwenye ukurasa unaomezwa hufutwa, wala havirudi. Mimi nilipounganisha kurasa zangu za mahamri sikulijua hilo, nikapoteza maoni ya miaka 4. Mama mmoja wa Likoni alikuwa ameandika kwamba mahamri yangu yanamkumbusha ya marehemu bibiye. Hadi leo linaniuma.

Kwa hivyo keti jioni moja na simu yako, uhifadhi kila picha ya leso, na maoni uyapige picha ya skrini. Jibu pia oda zilizolala kwenye jumbe. Ukurasa wa kubaki uwe ule wenye maoni mazuri, hata kama wafuasi wake ni wachache, maana hao wengine watakuja.

Mpwa wako akupe usimamizi kamili wa ukurasa wake. Majina yafanane na anwani iwe moja, la sivyo ombi litakataliwa. Kisha fungua facebook.com/pages/merge kwenye kompyuta, uchague kurasa zote mbili.

Na tafadhali, huo wa mpwa wako usiufute kwa hasira, utapotea na wafuasi wake.