Tangsteni, ledi au bismuti: ununue marisau gani kwa bata mzinga?

Kila ikikaribia Aprili simu yangu haipumziki. Wenzetu wa huku Missouri, Marekani, na wengine wa Kentucky na Iowa, wanaanza kuwinda bata mzinga, wanaingia dukani, wanaona bei ya kartriji za tangsteni (kartriji ni risasi ya shotigani iliyojaa marisau, yaani punje ndogo za metali), wanashika kichwa. Wa mwisho alikuwa shemeji yangu. Alinitumia picha ya boksi la kartriji 5 lenye bei ya zaidi ya dola 50, na chini yake neno moja: "Kweli?"

Kweli, shemeji. Ila kama inakufaa wewe, hilo linategemea bunduki uliyoshika, na wengi hawaulizani hilo. Wanauliza itapiga mbali kiasi gani.

Kiini cha mambo yote ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu karibu 7.8. Bismuti ni 9.6 hivi, ledi ni 11, na tangsteni ile inayouzwa kwa jina la TSS ni 18. Punje ikitoka mtutuni hewa huanza kuikaba papo hapo, na punje nyepesi hukata mwendo mapema. Nzito huendelea na nguvu zake. Kwa hiyo punje ya tangsteni namba 9 (namba ikipanda, punje huwa ndogo), ambayo kipenyo chake ni milimita 2 tu, hupenya karibu sawa na punje ya ledi namba 4 au 5, ambayo ni milimita 3 na ushei. Ukizimwaga kiganjani utadhani ni ulezi, na mtu asiyejua atakucheka.

Sasa angalia idadi. Wakia moja ya ledi namba 5 ina punje 170 hivi. Wakia moja ya tangsteni namba 9 ina zaidi ya 350. Yaani upenyaji ni ule ule, lakini punje ni mara mbili. Na kwa bata mzinga idadi ndiyo inayoua, kwa sababu hatumpigi kifuani. Kifuani kuna mbawa na manyoya mazito, na nyama yenyewe unayoitaka ndiyo iko pale. Unalenga kichwa na shingo, ubongo na pingili za uti wa mgongo, kitu chembamba kinachotikisika kila anapopiga hatua. Unahitaji punje nyingi zilizosongamana hapo, si chache zenye nguvu zinazopita pembeni.

Wawindaji wa huku wana kipimo chao: duara la inchi 10 kwenye karatasi, na angalau punje 100 ndani yake kwa umbali unaotarajia kupiga. Zikipungua, sogea karibu au badilisha kitu.

Tukija kwenye ledi, mimi bado naiheshimu. Shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikipungua, mtutu ni mpana zaidi), kartriji ya inchi 3, ledi namba 5, choki ya kubana, yaani kifinyo cha mdomo wa mtutu kinachosonganisha punje, iliyotengenezwa kwa bata mzinga: mpaka yadi 35, na kwa bunduki nyingine 40, kazi inafanyika na kila kartriji haizidi dola 2 au 3. Babu za Wamarekani hawa wamekula bata mzinga kwa ledi miaka yote. Kama una geji 12, bega lako linavumilia mateke ya bunduki, na unajua kukaa kimya mpaka ndege asogee, huna sababu ya kutoa dola 10 kwa mlio mmoja.

Tatizo la ledi ni sumu na sheria. California imepiga marufuku risasi za ledi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Kwa bata wa majini marufuku ni ya nchi nzima tangu 1991. Hapa Missouri ledi inaruhusiwa kwa bata mzinga, lakini baadhi ya maeneo ya hifadhi ya jimbo hayaitaki kabisa, na ukikutwa nayo mfukoni ni kesi. Soma ukurasa wa eneo unalokwenda, usitegemee alichokuambia jirani. Hapa hapa Missouri, marisau hayaruhusiwi kuwa makubwa kuliko namba 4, iwe metali gani. Na kwa wale ambao wako kwa viza ya muda: sheria ya shirikisho ina masharti yake kuhusu wageni na bunduki, kwa hiyo kwanza zungumza na mwanasheria, marisau baadaye.

Chuma sikipendi kwa kazi hii. Ni rahisi, hakina sumu, na kwa bata wa majini kimezoeleka, lakini punje zake hukata pumzi haraka mno. Ukilazimika, tumia namba 4 na usivuke yadi 30. Tena usikipitishe kwenye choki iliyobana sana wala kwenye bunduki ya zamani, kwa sababu chuma hakibonyei kama ledi.

Bismuti ni ya mtu mwenye bunduki ya urithi. Ni laini, kwa hiyo haiumizi mtutu wa kale, na haina sumu, basi hata kule ledi ilikokatazwa unaingia nayo. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko ledi, chukua punje kubwa zaidi kwa namba moja: kama ungetumia ledi namba 6, chukua bismuti namba 5. Bei iko katikati.

Na tangsteni? Hii metali huyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 3,400, hakuna tanuru la kawaida la kuimimina. Hutengenezwa kuwa unga, unashindiliwa, unaokwa mpaka ushikane. Halafu zaidi ya asilimia 80 ya tangsteni ya dunia hutoka China, ambayo Februari 2025 iliweka udhibiti wa kuiuza nje, kwa hiyo bei hucheza na ugomvi wa wakubwa. Mawe yenye madini yake huchimbwa hata kwetu Afrika, Nyakabingo kule Rwanda na mashariki mwa Kongo. Huwa nalifikiria hilo ninapolipa, kwamba punje hii huenda imezunguka dunia kuliko mimi.

Kampuni ya Federal ilianza kuuza kartriji za TSS mwaka 2018. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakijijazia wenyewe nyumbani. Tangu hapo nimeona watu wazima wakiacha geji 12 na kubeba geji 20, hata .410, ambayo mtutu wake ni mwembamba zaidi. Kartriji ya .410 ya inchi 3 hubeba wakia 13/16, karibu punje 290 za namba 9. Zamani bunduki hiyo ilikuwa ya sungura. Leo binti wa miaka 12 anaweza kuishika bila kuogopa teke, akapiga vizuri yadi 30 na kitu. Hiyo ndiyo faida ninayoilipia: bunduki nyepesi, bega lisiloumia, mtu asiyefumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio.

Umbali ni kishawishi tu. Utasikia watu wakijisifu yadi 60, na kwenye karatasi kweli punje zinafika. Lakini karatasi haitembei. Kwa yadi 60 kosa dogo la kukisia umbali, au tawi moja usiloliona, linakuachia ndege aliyejeruhiwa anayekwenda kufia kichakani. Mimi sivuki 40 hata nikiwa na tangsteni.

Kuna upande wa pili ambao wauzaji hawausemi. Choki ya kubana na tangsteni kwa yadi 15 hutoa shada la punje dogo kuliko ngumi. Dume anayekuja mbio kwenye sanamu ya jike, amevimba, mkia umefunguka, kichwa chekundu na cheupe kinaingia na kutoka shingoni: hapo unamkosa kirahisi sana. Subiri anyooshe shingo, na uwe na kilengeo sahihi juu ya bunduki, si ile shanga moja ya mbele peke yake.

Tangsteni pia ni ngumu kuliko mtutu wenyewe. Kartriji za kiwandani zina kikombe kinene cha plastiki cha kuukinga, lakini angalia choki yako kama mtengenezaji ameiruhusu kwa tangsteni. Na jikoni pitisha vidole kwenye nyama ya shingo kabla ya kuichemsha. Ledi hubonyea chini ya jino. Tangsteni haibonyei, jino ndilo linalokubali.

Basi shemeji, wewe una geji 20 ya mkeo na bega bovu. Nunua boksi moja la namba 9. Usianze nalo. Weka karatasi yadi 25, chukua kartriji za bei ndogo za kupigia njiwa, rekebisha kilengeo mpaka katikati ya mtawanyo ikae pale unapolenga. Kisha piga tangsteni moja kwa yadi 40, chora duara la inchi 10 pale matundu yalipojaa zaidi, hesabu kwa kalamu, kila tundu alama yake usije ukalirudia. Ikipita 100, rudi nyumbani. Zilizobaki 4 ziweke mahali pakavu, zitakutosha msimu huu na ujao, maana idadi ya madume unayoruhusiwa kuua huku yenyewe ni ndogo.