Wasomaji wanauliza: Kulala nyumba ya wageni ya familia, Lubumbashi

Barua za wasomaji safari hii zinahusu nyumba za wageni zinazoendeshwa na familia: vyumba vichache uani, Mama ndiye anayepokea feza, watoto ndio wanaobeba ndoo. Bei yake ni nafuu, na kwa mtu anayesafiri peke yake tunaona zinafaa kuliko hoteli ndogo za kando ya baa. Ila zina mambo yake.

Mimi ni msichana wa Likasi. Ninakuja Lubumbashi siku nne kwa mtihani wa kazi na sina ndugu huko. Mama wa nyumba moja ya Kampemba anataka nimtumie feza yote kwa simu ndipo anishikie chumba. Nitume?

Dada, usitume yote. Tuma ya usiku wa kwanza tu. Mwenye nyumba wa kweli atakubali, maana anachoogopa ni chumba kubaki kitupu usiku huo. Muulize namba yake imeandikishwa kwa jina la nani, na umwambie utalipa siku zilizobaki baada ya kuona chumba.

Bei iache mwisho. Anza na maji. Usiulize kama maji yapo, kila mtu atakujibu yapo. Uliza yanatoka wapi: kwenye bomba la REGIDESO, shirika la maji, kwenye foraji (kisima cha kuchimbwa) ya parseli, yaani kiwanja cha nyumba, au yanachotwa jirani? Foraji yenye pampu ya umeme inanyamaza pale SNEL, shirika la umeme, inapokata, isipokuwa kama kuna tanki lililoinuliwa au nyumba ina grupu (jenereta). Kwa mtu mmoja hesabu bidoni (madumu) mbili za lita 20 kwa siku, moja ya kuoga asubuhi na jioni, nyingine ya choo. Na choo cha kumwagia kina ufundi wake: mwaga lita sita au saba kwa mkupuo mmoja, ndoo ikiwa juu kidogo. Ukimimina polepole maji yanapita pembeni na uchafu unabaki palepale. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, na hayo hayo uyatumie kusukutulia meno.

Baada ya maji, lango. Linafungwa saa ngapi, na nani anakaa na ufunguo? Halafu kuna mbwa. Parseli nyingi hufungulia mbwa usiku, lango likishafungwa, na mara nyingi choo cha wageni kiko uani. Mtu halifikirii hilo mpaka saa nane ya usiku tumbo linapomkata. Kwa hiyo fika mchana, Mama au sentineli (mlinzi) akutembeze uani mbwa akiwa bado amefungwa, apate kuizoea harufu yako. Hata hivyo omba ndoo yenye mfuniko ya kuweka chumbani. Si aibu, nyumba zilizozoea wageni huiweka zenyewe.

Chumba kiwe na komeo la ndani. Kinachofungwa kwa kufuli la nje tu ni stoo, si chumba cha kulala mtu. Unaweza kubeba kabari: kipande cha mbao cha sentimita 12 kilichochongwa mshazari, unakisukuma chini ya mlango kwa kisigino. Kinashika pale mlango unapofungukia ndani. Unaofungukia nje hakiuzuii.

Utajazishwa fishi, yaani fomu ya wageni. Onyesha karte (kadi) ya mpiga kura, wanakili namba, uirudishe mfukoni papo hapo. Isilale kwa mwenye nyumba kama rehani. Na kabla hujatoka Likasi, waachie watu wa nyumbani anwani yote: namba, avenyu (barabara), karitie (mtaa), komini (sehemu ya jiji), pamoja na alama ya karibu, kama vile kanisa au shule.

Ninatoka Mbuji-Mayi, ninapita Lubumbashi kwenda kununua bidhaa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nataka kuondoka kabla ya mapambazuko. Mara nyingi asubuhi hawana chenji, na mimi nachelewa.

Papa, maliza hesabu jioni. Ukitoa noti ya dola 50 kwa chumba cha 20 saa kumi na moja alfajiri, nani atakuwa na 30 nyumbani? Beba noti ndogo, safi, zisizochanika wala kuandikwa kalamu, maana iliyopasuka hata kidogo pembeni hukataliwa. Kama mtachanganya dola na franka, pataneni siku ya kufika dola moja ni franka ngapi, na kiwango hicho kiandikwe kwenye risiti pamoja na tarehe, idadi ya usiku na vilivyomo ndani ya bei. Chai, maji ya moto na kuchaji simu ndivyo vinavyozua maneno.

Sentineli muage jioni na umpe saa kamili, si "mapema". Mwambie Mama akuitie manseba (dereva wa pikipiki ya abiria) anayemjua, aje na pikipiki mpaka langoni, kuliko kutembea gizani na mzigo na feza ya bidhaa mwilini. Kasumbalesa ni kama kilomita 90, kwa hiyo huna sababu ya kutoka saa tisa ya usiku. Saa kumi na moja na nusu inatosha.

Ninakuja mwezi wa saba kutoka Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, kwa masomo mafupi. Nimesikia baridi ya Lubumbashi haina mchezo. Nyumba niliyopata haina maji ya moto ya bomba. Je, ninunue rezistansi ya umeme ya kuchemshia maji kwenye ndoo?

Ndugu, mwezi wa sita na wa saba usiku hushuka chini ya digrii 10 mara nyingi, na kwa mtu wa ziwani hilo ni jambo zito. Lakini rezistansi iache dukani. Nyaya za vyumba vya uani ni nyembamba, na wakati wa jioni umeme huwa dhaifu. Volti ya umeme ikishuka nusu, joto la rezistansi linabaki robo, ndiyo maana unangoja saa nzima na maji bado ni vuguvugu. Kibaya zaidi, umeme ukikatika mtu huisahau imechomekwa, akatia mkono ndani ya ndoo, na SNEL ikarudi.

Lipia maji ya mbabula, jiko la makaa. Watu huomba ndoo nzima ichemshwe, Mama anahesabu makala (makaa) yake, bei inapanda. Huhitaji ndoo nzima. Lita 4 zilizotokota ukichanganya na lita 8 za baridi unapata lita 12 za joto la kuogea, zinazomtosha mtu mmoja. Tia ya baridi kwanza, ya moto juu yake, usije ukaharibu ndoo ya plastiki. Agiza usiku uliotangulia, utaje saa.

Sasa jambo ambalo tungependa ulisome mara mbili. Kuna mtu atakayekuonea huruma akuletee mbabula chumbani, akikwambia makala yameshaiva, hayatoi moshi tena. Kataa. Moshi ukiisha, hewa ya sumu haijaisha. Makaa mekundu yanaendelea kuitoa, hata yaliyofunikwa jivu, nayo haina rangi wala harufu. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, magoti yanalegea, na aliyelala hapati hata onyo hilo. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga. Ukijikuta katika hali hiyo toka nje haraka, mbabula itolewe, milango ifunguliwe, uende hospitali hata kama unaanza kujisikia nafuu.

Badala yake omba mablanketi mawili, na moja la zamani la kutandika chini ya shuka, kwa sababu godoro jembamba linapitisha baridi ya chini. Jaza chupa maji ya moto yasiyotokota, ifunge vizuri, izungushie taulo, uiweke miguuni. Soksi na kofia ya sufu ni vyako mwenyewe.

Nilipanga chumba wiki mbili Katuba. Kijana wa nyumba ananigongea usiku, eti kunisalimia. Sitaki kumkosea Mama heshima.

Heshima haikulazimishi kufungua. Jibu ukiwa ndani, kwa sauti ya kusikika chumba cha pili: "Nimelala, tutasalimiana asubuhi." Asubuhi mweleze Mama mbele ya Papa wa nyumba, bila kuzunguka: saa ngapi, mara ngapi. Mama akicheka tu, hama siku hiyo hiyo. Ndiyo faida ya kulipa usiku mmoja mmoja, huachi feza nyuma. Wanaokuuliza uko peke yako mpaka lini, wape jibu moja lisilobadilika, kwamba kuna ndugu anayekupigia kila jioni. Na kweli akupigie.

Nitajuaje kama kitanda kina kunguni kabla ya kulipa?

Washa taa ya simu, inua godoro upande wa kichwa, tazama mshono na nyufa za mbao. Vidoa vyeusi kama nukta za wino ni kinyesi chao. Ukiviona, usiombe kubadilishiwa shuka, omba chumba kingine, kisichopakana na hicho. Begi lisikae kitandani wala sakafuni, liweke juu ya kiti. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, kagua na chandarua: tundu lifunge kwa uzi, upindo uuchomeke chini ya godoro pande zote, usilale umekiegemea, kwa maana mbu anauma kupitia kitambaa. Kama dari haina ndoano, funga kamba nne kwenye nondo za dirisha na misumari ya ukutani. Mama akikuambia huku hakuna mbu, tandika tu.