Programu Zinazopakiwa Mapema: Zipi Uziache, Zipi Uzizime

Laptop nyingi ninazoletewa kwa kosa la "uzito" nazikuta tayari zimewekwa programu ya kusafisha RAM, yaani sehemu ya kompyuta inayoshikilia kwa muda programu na data zinazotumika. Hiyo ndiyo huwa naiondoa kwanza, na mwenye mashine hushangaa.

Iko hivi. Tangu toleo la Vista la mwaka 2007, Windows ina huduma iliyoitwa SuperFetch, ambayo sasa inaitwa SysMain. Inafuatilia programu unazozitumia mara kwa mara, kisha inazipakia mapema kwenye RAM ambayo ingekaa bure. Ukibofya Excel, sehemu kubwa ya mafaili yake haisomwi tena kutoka kwenye diski. Ikitokea programu nyingine inataka nafasi, Windows inavitupa vile vilivyopakiwa papo hapo, kwa sababu nakala yake bado ipo kwenye diski. Fungua Task Manager, ingia Performance, kisha Memory: utaona neno Cached. Sehemu kubwa ya kiasi hicho imehesabiwa pia ndani ya Available, yaani ni nafasi yako bado. Ukiisafisha, umejinyima kasi bure.

Kuna pia ushauri unaozunguka sana wa kufuta kila kitu ndani ya folda ya Prefetch. Tafadhali usifanye hivyo. Mle mna kumbukumbu ndogondogo za nini kila programu husoma inapofunguka. Ukizifuta, ufunguaji unaofuata ndio unaochelewa, halafu Windows inaziandika upya.

Zinazoumiza ni zile zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka: ya mikutano, ya muziki, ya printa, na vile vipakua masasisho. Hizi zinaishi ndani ya In use, yaani RAM inayotumika sasa hivi; utaiona pale pale kwenye Memory. Windows haiwezi kuzitupa tu. RAM ikibana, lazima data yake iandikwe kwenye diski kwanza, na isomwe tena ukizihitaji. Kwa mashine ya GB 4, hapo ndipo kipanya kinapoanza kuganda. Nenda Startup kwenye Task Manager hiyo hiyo uzime usizohitaji kila siku. Antivirasi iache. Kuzima huku hakufuti programu. Ukiitaka utaifungua mwenyewe.

Diski nayo ina neno lake. Ile ya kuzunguka, hasa ya mizunguko 5400 kwa dakika, hutumia zaidi ya milisekunde 10 kila kichwa chake kinaporuka kutafuta data. Mashine ikiwaka, SysMain, antivirasi na hizo zinazojiwasha zote zinaigombania, na Task Manager inaonyesha diski 100%. Zima kwanza zinazojiwasha. Kama diski bado imebanwa muda mrefu baada ya kuwaka, hapo unaweza kuisimamisha SysMain kwa majaribio, utumie mashine siku chache ulinganishe. Mwenye SSD, yaani diski isiyozunguka, asihangaike na SysMain. Faida yake ni ndogo kwake, na madhara pia.

Kabla hujatoa hela, pima. Iwashe upya kompyuta, subiri itulie, fungua programu yako nzito, ifunge, uifungue tena. Mara ya pili inasomwa zaidi kutoka RAM. Ikifunguka upesi mno kuliko ya kwanza, kinachokuchelewesha ni diski: nunua SSD kabla ya kuongeza RAM. Ikiwa nzito vilevile mara zote mbili, angalia In use na prosesa.