Nataka kufanya utafiti wa rada Sweden, uraia utanikwamisha?

Mdogo wangu, umeuliza kama uzamili wako wa fizikia hapo Linköping unaweza kukuingiza FOI, taasisi ya utafiti wa ulinzi ya Sweden, kwenye kazi za rada, wakati pasipoti yako ni ya Tanzania. Suala la uraia ni zito kweli. Kazi za pale zina upekuzi wa usalama, na baadhi ya nafasi zinataka raia wa Sweden. Soma tangazo lote kabla hujaomba.

Ila rada usiiache. Isome CARABAS, rada iliyobuniwa na FOA, taasisi iliyounganishwa na nyingine mwaka 2001 ikazaliwa FOI. Hufungwa kwenye ndege na kutumia megahezi 20 hadi 90, yaani mawimbi ya mita 3 hadi 15. Wimbi refu hivyo halizuiliwi na majani. Linapenya, kisha linarudi na mwangwi wa gari lililofichwa chini ya miti, pamoja na wa vigogo vyenyewe. Ndiyo maana watafiti wa misitu nao waliitumia kukadiria ujazo wa miti.

Mimi ningekushauri upitie upande huo wa misitu. Setilaiti ya Biomass ya Ulaya, iliyorushwa Aprili 2025, inapima misitu ya tropiki, ukiwemo wa Kongo, kwa wimbi la sentimita 70 hivi. Tafuta msimamizi wa tasnifu anayefanya kazi hizo. Wakati unasubiri majibu, pakua picha za rada za setilaiti za Sentinel-1, ni bure, ujizoeze kuzichakata.